Faili Moja Katika Kompyuta Mbili

Mtu mwenye kompyuta moja haijui shida ya mwenye mbili. Mwenye moja akiandika barua, hesabu za duka au mswada wa kitabu, huifunga kazi yake jioni na kuikuta asubuhi palepale alipoiacha. Lakini mwenye mbili, moja ofisini na nyingine nyumbani, au yule ambaye mwenzake katika mji wa mbali anashughulika na kazi ileile, hana budi kujiuliza kila aketipo swali ambalo kwa sura ni dogo na kwa madhara ni kubwa: katika nakala hizi mbili, ya kutegemewa ni ipi? Aghalabu watu husimulia habari za kushirikisha faili baina ya kompyuta kana kwamba ni habari za vyombo vya safari peke yake, wakianza na waya, wakaja kwenye disketi, wakapita kwenye flashi, na kutua kwenye hifadhi ya wingu ambayo leo kila mwenye simu anaitumia, ajue asijue. Masimulizi hayo yana ukweli, walakini yameacha kiini. Kusafirisha faili kulipatiwa njia mapema sana, hata kabla ya kompyuta kuingia majumbani; kilichowashughulisha wanazuoni wa fani hii kwa zaidi ya miaka thelathini ni kuzifanya nakala mbili, zilizo mahali mbalimbali na mikononi mwa watu mbalimbali, ziwe na kauli moja.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Tenzi zetu za kale zilisafiri mwambao huu kwa mikono ya wanakili, na mnakili mmoja akiongeza ubeti, mwingine akaacha ubeti, na wa tatu akaupandisha juu ubeti uliokuwa chini. Ndiyo sababu Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia katika nakala kadhaa ambazo hesabu na mpangilio wa beti zake havilingani, na wahariri wakapata kazi kubwa ya kuzipatanisha. Kompyuta zimeurithi msiba huohuo na kuuharakisha, hata hitilafu iliyohitaji vizazi viwili vya wanakili sasa huzuka kabla ya chai ya saa nne.

Mwanzo wa mambo ulikuwa Marekani. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, mwanafunzi aitwaye Charley Kline alijaribu kuingia katika kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, iliyokuwa umbali wa zaidi ya kilomita 500, kwa kupitia mtandao mpya uliogharimiwa na wizara ya ulinzi ya nchi ile. Herufi mbili za kwanza, L na O, zilifika salama. Kisha kompyuta ya upande wa pili ikakwama, na jaribio likarudiwa baadaye usiku uleule mpaka likafaulu. Kompyuta mbili zilikuwa zimesemezana, lakini kusemezana hakujawa kupeana faili, kwa maana kila mtengenezaji wa zama zile alikuwa na desturi zake: mashine moja ilipanga tarakimu zake kwa mafungu ya biti 36, nyingine kwa mafungu ya 32, na namna ya kuandika herufi ilitofautiana vilevile, hata faili iliyokuwa barua safi kwenye mashine ya kwanza ingeweza kuwa takataka kwenye ya pili.

Aliyeleta sulhu katika jambo hili ni kijana wa Kihindi, Abhay Bhushan, aliyesoma katika chuo cha teknolojia cha Kanpur kabla ya kujiunga na MIT huko Massachusetts. Tarehe 16 Aprili 1971 alitoa waraka wa itifaki ya kuhamisha faili, ile ambayo baadaye ilijulikana duniani kote kwa herufi tatu, FTP. Waraka ule uliweka adabu za mazungumzo: mgeni ajitambulishe kwa jina na neno la siri, aseme anataka kuchukua au kuacha, ataje faili ya aina gani, naye mwenyeji ajibu kwa namba zenye maana inayojulikana kwa pande zote mbili. Ni kazi iliyostahili taadhima kubwa kuliko iliyopewa, kwa kuwa iliishi nusu karne. Programu mashuhuri za kuperuzia intaneti hazikuacha kuitumikia mpaka mwaka 2021. Hata hivyo itifaki ya Bhushan ilitimiza uhamishaji tu. Faili ikishafika, nakala ya hapa na nakala ya kule zilikuwa wageni wasiojuana, na yeyote aliyebadilisha moja hakuwa na njia ya kuiarifu nyingine ila kuituma upya yote, tangu baiti ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa watu wasio na mtandao, na hao ndio waliokuwa wengi, kazi ilifanywa na miguu. Kampuni ya IBM ilitoa disketi yake ya kwanza mwaka 1971, upana wake inchi nane; na kufikia mwaka 1987 disketi ndogo ya inchi tatu na nusu, yenye gamba gumu na nafasi ya megabaiti 1.44, ilikuwa imeanza kuenea maofisini. Mwaka 2000 flashi zikaingia sokoni kutoka Singapore na Marekani, za mwanzo zikibeba megabaiti 8 tu, na huku kwetu zilipokelewa kwa mikono miwili. Asiyepata kusimama katika duka la steshenari la Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kufunga mitihani hawezi kuelewa jinsi flashi ilivyokuwa ndiyo mtandao wetu: wanafunzi kumi wakisubiri kuchapisha, kila mmoja na flashi yake yenye kamba shingoni, na kompyuta moja ya dukani ikizipokea zote kwa zamu, pamoja na virusi vilivyozijaa. Vilikuwapo virusi maarufu ambavyo huyaficha mafolda ya mwenyewe na kuweka mahali pake alama za njia ya mkato zenye majina yaleyale, hata mtu akarudi nyumbani akaifungua flashi yake na kudhani kazi ya muhula mzima imepotea, kumbe ipo, imesitiriwa tu. Chombo kilichobeba faili kwa uaminifu kilibeba maradhi kwa uaminifu uleule.

Muda mrefu kabla ya flashi hizo, wataalamu walikuwa wameanza kulishika jambo lenyewe. Mwaka 1978 Leslie Lamport alichapisha makala kuhusu saa na mpangilio wa matukio katika kompyuta zilizotawanyika, makala ambayo hata leo husomwa na kila mwanafunzi wa fani hii, na hoja yake inaonekana kinyume cha akili ya kawaida mpaka mtu aitafakari. Tungedhani kwamba kuijua nakala mpya ni rahisi: tazama saa, iliyoandikwa baadaye ndiyo mpya. Lakini saa ya nani? Kompyuta mbili hazina saa moja, na tofauti ya dakika chache baina yao yatosha kuifanya kazi ya jana ionekane ya leo na ya leo ionekane ya jana. Jambo hili si la vyuoni peke yake, kwani katika ofisi zetu bado zimo kompyuta za mezani ambazo betri yake ndogo ya saa imekufa, nazo huamka kila asubuhi zikiamini kwamba mwaka ni 1980, au ni mwaka zilipoundwa. Barua iliyoandikwa humo leo hupigwa mhuri wa tarehe ya miongo iliyopita, na programu yoyote itakayoamini mhuri ule itaifuta barua mpya na kuweka ya zamani mahali pake, bila nia mbaya na bila kumwuliza mtu. Lamport alionesha kwamba kinachofaa kuulizwa ni tukio gani lilijua habari za lipi: nakala iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuiona nyingine imeifuata hiyo, ama zilizoandikwa pasipo mmoja kujua ya mwenzake hazina iliyotangulia, ni sambamba, na sambamba haziwezi kuamuliwa na saa.

Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, kikisaidiwa na IBM, kiliunda mfumo wa faili ulioitwa Andrew, kwa madhumuni ya kuwawezesha maelfu ya wanafunzi kukaa kwenye kompyuta yoyote ya chuo na kukuta faili zao humo. Seva ilishika nakala kuu. Kompyuta ya mwanafunzi ilichukua nakala ya kutumia, na seva ikaweka ahadi kwamba faili ile ikibadilishwa na mwingine itatoa habari mara moja. Ahadi hiyo ya kuarifu ndiyo mbegu ya yote yaliyofuata. Kisha, tangu mwaka 1987, Mahadev Satyanarayanan na wenzake katika chuo kilekile wakajiuliza juu ya mtu aliyeichomoa kompyuta yake kwenye waya na kuondoka nayo, wakatengeneza mfumo wa Coda, ambao huweka akiba ya faili anazozihitaji mwenyewe, humwachia afanye kazi akiwa mbali, huandika katika daftari lake kila alilobadilisha, na anaporejea huyasoma mabadiliko hayo mbele ya seva moja baada ya moja. Yasipokinzana na ya mtu mwingine yanapokelewa. Yakikinzana, mwenyewe huitwa aamue. Nadhani hapa ndipo fani hii ilipokomaa, kwa sababu mashine ilikubali kwamba lipo jambo ambalo haina haki ya kulihukumu.

Ila vyuo vile vilikuwa na nyaya za kasi, na ulimwengu haukuwa nazo. Kutoka kwenye upungufu huo ilizaliwa hikima ambayo binafsi naihesabu kuwa nzuri kuliko zote katika historia hii, nayo ilitoka Canberra. Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na alikwisha kujipatia jina tangu mwaka 1992 kwa kuandika, baada ya kuyasikiliza mazungumzo ya kompyuta wayani na kuyafumbua, programu iliyokuja kuitwa Samba, ambayo hadi leo huziwezesha kompyuta za Windows na za Unix kufunguliana mafolda katika ofisi moja. Kilichomkera sasa kilikuwa laini ya simu. Alikuwa akituma mabadiliko ya programu zake kwa modemu, na ingawa alichobadilisha kilikuwa mistari michache, laini ilimlazimu kungoja faili nzima ipite. Mwaka 1996, pamoja na Paul Mackerras, akatoa programu ya rsync.

Inafaa tuitazame kwa karibu inavyofanya kazi. Chukua daftari la wanachama wa chama cha ushirika, lenye majina elfu ishirini. Nakala ya zamani iko wilayani, nakala mpya iko mkoani, na tofauti yake ni kwamba karani wa mkoa ameongeza jina moja karibu na mwanzo. Kompyuta ya wilaya huikata nakala yake ya zamani katika vipande vya urefu ulio sawa, na kwa kila kipande hupiga hesabu mbili: moja nyepesi, ya haraka, na moja nzito, ambayo ni vigumu mno vipande viwili tofauti kuwa nayo sawa. Haitumi vipande, hutuma hesabu hizo tu, ambazo ni kidogo sana. Kompyuta ya mkoa huzipokea na kuanza kuipitia nakala mpya. Ugumu uko hapa: kwa kuwa jina limeongezwa mwanzoni, kila kitu baada yake kimesogea, na ungeikata nakala mpya kwa vipande vilevile usingepata kipande hata kimoja kinacholingana. Kwa hiyo kompyuta ya mkoa haikati. Huweka dirisha la urefu wa kipande juu ya faili na kulisogeza baiti moja moja, na ile hesabu nyepesi imebuniwa kwa namna kwamba dirisha likisogea baiti moja, hesabu mpya hupatikana kutoka kwa ile ya awali kwa kutoa baiti iliyotoka na kuingiza iliyoingia, pasipo kuanza upya. Hesabu nyepesi ikilingana, ndipo ile nzito huitwa kuthibitisha. Mwisho wa kazi, mkoa hutuma kwa wilaya maneno mafupi: mahali pa kipande chako cha kwanza weka hiki chenye jina jipya, cha pili mpaka cha mwisho unavyo, vitumie hivyohivyo. Daftari la majina elfu ishirini limesahihishwa kwa gharama ya kipande kimoja na hesabu chache. Tridgell aliyaeleza haya katika tasnifu yake ya mwaka 1999, na programu yake ikatolewa bure kwa yeyote aitakaye.

Mambo mawili yalikuwa bado. La kwanza ni mahali pa kuweka nakala kuu ambapo pako wazi usiku na mchana, kwa maana kompyuta ya ofisini na ya nyumbani aghalabu haziwashwi wakati mmoja, na mbili zisizokutana haziwezi kusuluhishwa bila ya mtu wa kati. Tarehe 14 Machi 2006 kampuni ya Amazon ilifungua huduma ya S3, ikimkodisha mtu yeyote nafasi katika maghala yake ya kompyuta kwa senti 15 za dola ya Marekani kwa gigabaiti moja kwa mwezi. Wingu, kwa hiyo, ni jengo: lina kuta, feni, walinzi, majenereta na diski zinazozunguka, na makubaliano ya pango. Lililokuwa jipya ni kwamba kijana asiye na mtaji aliweza kuanza biashara ya kuhifadhi faili za watu pasipo kununua hata seva moja.

Jambo la pili lilikuwa kuiondoa kazi yote hii machoni pa mtumiaji, na hilo alilifanya kijana wa namna hiyohiyo. Mwaka 2006 Drew Houston, mhitimu wa MIT, alipanda basi la Boston kwenda New York akikusudia kufanya kazi njiani, akatanabahi kwamba flashi yenye kazi yake ameiacha nyumbani. Akiwa na saa nyingi mbele yake na asiwe na la kufanya, akaanza kuandika garini programu ya kumwepusha na balaa hilo. Mwaka uliofuata, pamoja na Arash Ferdowsi aliyekatisha masomo yake MIT kwa ajili ya shughuli hii, aliasisi Dropbox, na Septemba 2008 huduma ikafunguliwa kwa umma, gigabaiti 2 za mwanzo zikiwa bure. Faili zenyewe ziliwekwa kwa Amazon, hadi kampuni ilipojenga maghala yake na kutangaza mwaka 2016 kwamba imehamia humo. Ndani yake ulikuwamo urithi wa Canberra na wa Pittsburgh: faili ilikatwa vipande visivyozidi megabaiti 4, kila kipande kikapewa hesabu ya kukitambulisha, na kipande ambacho seva imekwisha kuwa nacho hakikutumwa tena. Lakini mtumiaji hakuona lolote katika hayo. Aliona folda moja, sawa na folda nyingine zote, ila kwamba alichokiweka humo kilijitokeza chenyewe kwenye kompyuta yake ya pili, kikiwa na alama ndogo ya kijani ya kuthibitisha kwamba kimefika.

Na pale Lamport aliposema kwamba hakuna saa ya kuamua, Dropbox ilifuata adabu ileile ya Coda. Watu wawili wakiifungua hati moja kwa wakati mmoja na kila mmoja akabadilisha pasipo kujua ya mwenzake, mfumo haumpendelei aliyewahi wala aliyechelewa. Huziacha nakala zote mbili ndani ya folda, na ile ya pili huipa jina lenye kutaja mtu au kompyuta iliyotoka pamoja na tarehe, ikisema wazi kwamba ni nakala iliyokinzana. Wengi huikasirikia nakala hiyo na kuifuta upesi, wakiiona ni uchafu. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu yenye insafu kuliko zote katika mfumo mzima, na namsihi kila karani asiifute kabla ya kuisoma.

Baada ya hapo kampuni kubwa zikaingia kwa kishindo. Microsoft ilikuwa na huduma yake tangu 2007, ambayo ililazimika kubadilishwa jina mwaka 2014 kufuatia hukumu ya mahakama ya Uingereza iliyolipa haki shirika la televisheni lenye jina linalofanana nalo. Apple ilileta iCloud Oktoba 2011. Na Google ikafungua Drive tarehe 24 Aprili 2012. Google ilikuwa pia na njia nyingine, iliyoipata kwa kuinunua programu ya Writely mwaka 2006, nayo ni kuikwepa shida ya nakala mbili kwa kutokuwa na nakala mbili: hati iko moja tu, kwenye seva, na waandishi kumi huiandika kwa pamoja, kila mmoja akiona kalamu ya mwenzake ikienda. Njia hiyo ni nzuri maadamu intaneti ipo. Ikikatika, nakala moja iliyo mbali ni sawa na kutokuwa na nakala.

Hayo yanatuleta kwetu. Mwambao huu uliunganishwa na dunia kwa waya wa baharini tangu mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash, ulipofika Unguja waya wa simu ya maandishi kutoka Aden na kuendelea kusini hadi Durban. Lakini mkongo wa kubeba data ulichelewa kwa miaka mia moja na thelathini, na mpaka ulipofika intaneti yetu ilipanda mbinguni na kushuka kwa satelaiti iliyo kilomita takriban 36,000 juu ya ikweta. Safari hiyo huchukua zaidi ya nusu sekunde kwa kwenda na kurudi kwa jibu, na ulandanishaji wa faili ni kazi ya majibizano mengi madogo: je, unacho kipande hiki, ninacho, je, na hiki? Nusu sekunde ikizidishwa kwa majibizano elfu huwa ni kikombe cha kahawa kilichopoa, na bei yake ilikuwa ya kuwatisha wenye ofisi kubwa, seuze mwalimu au fundi. Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa Seacom ulianza kazi, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huohuo ukafika Mombasa mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ukifuata bahari ileile ya majahazi ya msimu. Na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Naamini kwa dhati kwamba kwa watu wa Afrika ya Mashariki hifadhi ya wingu haikuanza na Dropbox mwaka 2008. Ilianza ufukweni, siku mikongo hiyo ilipotia nanga, na kutoka hapo ikapanda bara hadi Kampala, Kigali na Bujumbura.

Mikongo hiyo imeleta na utegemezi wake. Faili inayotoka kompyuta moja kwenda nyingine katika chumba kimoja cha Kariakoo aghalabu huvuka bahari kwanza, kwa sababu maghala yako ng'ambo. Hata Amazon ilipofungua maghala yake ya kwanza barani Afrika, Aprili 2020, iliyafungua Cape Town. Mwezi wa Februari 2012 meli ilitia nanga mahali palipokatazwa karibu na Mombasa na kuukata mkongo wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya Seacom na EASSy ilipata hitilafu kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na ofisi za Tanzania na za majirani zake zikakaa zikitazama alama ya duara inayozunguka bila kufika. Wenye huduma zinazoruhusu kompyuta mbili za mtandao mmoja wa ndani zipeane vipande moja kwa moja, pasipo kuvuka bahari, hupunguza adha hiyo na kuokoa bando. Ni mpangilio wa kubofya mara moja, na wengi hawajui kwamba upo.

Kuna na suala la amana. Faili iliyo kwenye wingu imewekwa kwa mwekewa, na mwekewa ana wajibu, lakini mwenye mali ana wajibu wa kujua amemwekea nani na kwa sharti gani. Mwezi Juni 2011, kwa muda wa saa nne hivi, kosa katika programu ya Dropbox liliziacha akaunti zifunguke kwa neno lolote la siri, hata lisilo sahihi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza ghala la kompyuta la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa; hakufa mtu, lakini wateja waliokuwa wameridhika na nakala moja iliyokuwa humo hawakuipata tena. Kenya imetunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, na ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo sheria humwadhibu mwenye kukosea, wala haizimi moto.

Fauka ya hayo, kulandanisha faili ni kazi nyingine na kuhifadhi ni kazi nyingine, ingawa zinauzwa kwa jina moja. Folda ya wingu hutii: ukifuta faili kwenye kompyuta ya ofisini, inafutwa kwenye ya nyumbani kwa utii uleule ulioileta, na virusi vikiiharibu upande mmoja, uharibifu nao utalandanishwa. Akaunti ya bure ya Dropbox hukuwekea faili iliyofutwa kwa siku 30, baada ya hapo haipo. Basi ewe msomaji mwenye kompyuta mbili, itumie hifadhi ya wingu bila ya hofu, kwa kuwa waliyoyafanya akina Bhushan, Satyanarayanan na Tridgell ni neema na haifai kuikataa. Lakini nunua na diski ya nje, weka humo nakala ya tatu, ichomoe, iandike tarehe kwa wino juu ya gamba lake, na kila baada ya miezi michache ichomeke tena uhakikishe kwamba bado inasomeka.